Jinsi ya kuwasha na kuzima picha ya kompyuta kwenye TV haraka, kabla watu hawajasoma mambo yako

Leo tuongelee kitu kinachoonekana kidogo: ile picha inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye TV, namna ya kuiwasha, na hasa namna ya kuizima ndani ya sekunde mbili. Kuwasha siyo ishu sana, ukishachomeka waya mara nyingi inatokea yenyewe. Shida iko kwenye kuzima.

Nianze na kisa. Februari 2013 nilikuwa nahudumia intaneti kafe moja karibu na stendi, Njombe mjini. Kompyuta namba moja, ile ya pembeni ya kaunta, tulikuwa tumeiunga na TV ya chogo ya inchi 21 iliyokaa juu ya kabati. Inapiga video za Bongo Fleva ili wapita njia waingie. Wiki hiyo matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalikuwa yametoka, na wanaokumbuka wanajua hali ilivyokuwa: zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata sifuri. Kafe imejaa mpaka mlangoni. Akaja dada mmoja, kompyuta zote zina watu, nikasimamisha muziki nikamwambia dada kaa hapa namba moja. TV nikaisahau.

Akafungua ukurasa wa shule yake, akakuza maandishi ili aone vizuri, akashuka mpaka kwenye namba yake. Akaupaka mstari wake bluu kwa mausi, kama watu wanavyofanya wakitaka kuhakikisha hawajasoma mstari wa jirani. Akabaki anautazama. Na kafe nzima tukawa tunautazama, maana kila alichokuwa anakiona kilikuwa pia juu ya kabati. Jamaa mmoja wa nyuma akasoma kwa sauti: "Sifuri!" Wawili watatu wakacheka. Dada akageuka, akaona.

"Kaka, zima hiyo TV!"

Remoti haionekani. Nikaanza kubofya huku na huku kwenye deskitopu, mikono inatetemeka, kila ninachofungua kinazidi kuonekana huko juu. Mwisho nikachomoa ekstensheni. TV ikazimika, na kompyuta nne zikazimika nayo. Mzee mmoja alikuwa anaandika barua yake tangu asubuhi na hakuwa ameihifadhi. Akaniambia tu, "Mwanangu, umeniua." Nilipowasha tena, yule dada ameshaondoka na chenji yake imebaki kwenye droo. Mei mwaka huohuo serikali ikayafuta matokeo yale yakapangwa upya, na wengi wakapanda. Huenda na yeye alipanda. Chenji hakuirudia.

Kompyuta ile ilikuwa na Windows 7. Vitufe viwili tu vingetosha.

WINDOWS NA P

Tangu Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, mpaka hizi za leo, njia ya kwanza ni hii: shikilia kitufe chenye alama ya Windows (kiko chini kushoto, kati ya Ctrl na Alt), kisha gonga herufi P. Itatokea menyu ya vitu vinne. Majina yanatofautiana kidogo kwa toleo lakini kazi ni zilezile.

"PC screen only" (kwenye Windows 7 imeandikwa "Computer only") maana yake picha ibaki kwenye kioo cha kompyuta peke yake, TV ipate giza. Hiyo ndiyo breki yako. "Duplicate" ni picha moja kila mahali, unachoona wewe ndicho wanachoona wao. Hiyo ndiyo iliyotutia aibu Njombe. "Extend" inaifanya TV kuwa kioo cha pili kilichoungana na cha kwanza ubavuni, kila kimoja na mambo yake. Na "Second screen only" (au "Projector only") inazima kioo chako na kuacha TV tu. Gonga P tena na tena au tumia mishale kuhama, ukifika unapotaka piga Enter.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Windows ina kumbukumbu. Ukiunga TV fulani, ukachagua "Duplicate", ukachomoa waya ukaenda nyumbani, wiki ijayo ukichomeka TV ileile inarudi "Duplicate" yenyewe bila kukuuliza. Yaani unachomeka waya ukiwa umefungua ujumbe wa mchumba, na ukumbi mzima unasalimiwa naye. Kwa hiyo kabla ya kuchomoa, rudisha kwanza kwenye "PC screen only" au "Extend", ndipo uchomoe. Ikikumbuka, ikumbuke kitu kizuri.

Mimi binafsi kwa kafe, kwa kibanda umiza, kwa harusi, hata kwa mwalimu anayefundisha kwa TV, napendekeza "Extend" siku zote. Filamu inacheza kule, wewe huku unatafuta inayofuata, unajibu imeili, hakuna anayeona. Ukitaka kurusha dirisha kutoka kioo kimoja kwenda kingine, shikilia Windows na Shift kisha gonga mshale wa kulia au kushoto. Inahama nzimanzima. Hii pia inaokoa pale TV ikizimwa kwa remoti huku kompyuta ikidhani bado ipo: unafungua programu, huioni, kumbe imefungukia kwenye kioo ambacho kiko gizani. Iite irudi kwa mshale.

KWA WANAOTAKA HARAKA ZAIDI

Menyu ya Windows na P ina kasoro moja: lazima uione, na lazima uhesabu uko wapi. Ukiwa na hofu unapitiliza. Dawa yake ni kutengeneza njia mkato inayoenda sehemu moja tu, bila kuuliza.

Bofya kulia kwenye deskitopu mahali patupu, chagua "New", halafu "Shortcut". Kwenye kisanduku andika hivi hivi:

DisplaySwitch.exe /internal

Ipe jina ZIMA TV. Tengeneza nyingine ya DisplaySwitch.exe /extend, iite WASHA TV. Kisha bofya kulia kila moja, ingia "Properties", nenda kwenye nafasi ya "Shortcut key", bonyeza herufi unayotaka, mathalani Z. Windows yenyewe itaongeza Ctrl na Alt. Kuanzia hapo, Ctrl, Alt na Z kwa pamoja ni giza kwenye TV, hata kama uko katikati ya filamu. Usiihamishe njia mkato hiyo kutoka kwenye deskitopu kwenda kwenye folda nyingine, vitufe vyake vitaacha kusikia.

Wenye Windows 11 mpya, ikitokea amri hiyo inafungua menyu tu bila kubadili kitu, jaribuni namba badala ya neno: DisplaySwitch.exe 1 ni kioo cha kompyuta peke yake, 2 ni picha moja kote, 3 ni kutandaza, 4 ni TV peke yake.

Walio kwenye Linux, hasa Ubuntu ya kawaida, Windows na P inafanya kazi hata huko. Wapenzi wa kuandika amri wafungue dirisha la amri waandike xrandr peke yake waone TV imepewa jina gani. Tuseme ni HDMI-1: kuzima ni xrandr --output HDMI-1 --off, kuwasha ni xrandr --output HDMI-1 --auto. Ila kama Ubuntu yako ni ya miaka ya karibuni inayotumia Wayland, xrandr haitakubadilishia kitu. Baki na vitufe.

LAPTOPU NA ZILE FN

Laptopu nyingi zina kitufe cha kazi hii juu pale kwenye safu ya F1 mpaka F12. Tafuta kichoro cha kioo kimoja kikiwa jirani na kingine. Kwa zile za zamani unashikilia Fn kwanza: Dell nyingi F8, HP nyingi F4, Toshiba na Acer F5, ThinkPad F7, Asus F8. Lakini hata ndani ya kampuni moja zinatofautiana, kwa hiyo amini kichoro kuliko orodha yangu. Kwenye mashine za miaka ya 2000 kitufe hicho kinazunguka bila menyu: kioo, vyote, TV, kioo. Gonga mara moja, subiri sekunde tatu, ndipo ugonge tena. Kosa la wengi ni kugonga mara tano kwa hasira, picha inapotea kote kote, wanasema laptopu imekufa. Haijafa. Chomoa waya wa TV, picha itarudi kwenye kioo.

KAMA BADO UNA XP

Msaada wake uliisha Aprili 2014, lakini najua mashine bado ziko vijijini zinapiga kazi ya muziki na video, na si vibaya ilimradi hazigusi intaneti. XP haina Windows na P ya kuhamisha picha. Bofya kulia deskitopu, "Properties", kisha "Settings". Utaona visanduku viwili vyenye 1 na 2. Bofya 2, weka tiki kwenye maneno "Extend my Windows desktop onto this monitor", halafu "Apply". Kuzima ni kuondoa tiki hiyo. Picha moja kote kote unaipata kwenye programu ya kadi ya picha yenyewe, NVIDIA, ATI au Intel.

Kadi hizo za zamani zina tabia mbili za kuudhi. Kwanza, nyingi zinaitambua TV wakati wa kuwaka tu. Ukichomeka waya kompyuta ikiwa tayari imewaka, haioni kitu. Chomeka, washa TV, ndipo uwashe kompyuta. Pili, ukitandaza kioo ukapeleka filamu kwenye TV, unaweza kuona maandishi na fremu lakini katikati kuna mraba mweusi. Filamu kwenye mashine hizo huchorwa kwa njia ya pekee ambayo inafanya kazi kwenye kioo kikuu tu. Ingia kwenye "Settings" ileile, fanya TV iwe kioo kikuu, au kwenye VLC ondoa tiki ya "overlay" kwenye mipangilio ya video.

PICHA NYEUSI NA NYEUPE, PICHA INAYOTEMBEA

Hapa ndipo mafundi wanapokula hela za watu bure, kwa hiyo nitakaa kidogo.

TV zetu za chogo ziko kwenye mfumo wa PAL: mistari 625, ambayo 576 ndiyo inabeba picha, na picha 25 kwa sekunde. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, bara tukasubiri mpaka miaka ya 1990, lakini mfumo ni huohuo. Marekani walitumia NTSC: mistari 525, picha karibu 30 kwa sekunde. Kadi nyingi za picha zilitoka kiwandani zimewekwa NTSC. Ukiiunga na TV ya PAL unapata picha ya kijivu, au inatembea juu chini kama filamu iliyokatika. Usinunue TV nyingine. Ingia kwenye programu ya kadi, sehemu ya TV, badilisha mfumo uwe PAL (B au I), basi.

Sababu ya pili ya kijivu ni waya. Tundu la mviringo lenye matundu madogo manne, S-Video, linatenganisha mwanga na rangi. Kiunganishi cha bei ya kutupa kikipeleka mwanga tu kwenye tundu la njano la TV, rangi inabaki njiani. Kompyuta nyingine zinaruhusu kubadili kutoka S-Video kwenda njano kwenye mipangilio. Jaribu hilo kwanza kabla ya kurudi dukani.

Na kuna waya mmoja naomba muukimbie: ule wenye VGA ya bluu upande mmoja na vichwa vitatu vya njano, nyeupe na nyekundu upande mwingine, waya mtupu usio na kisanduku katikati. Karibu kompyuta zote hautafanya kitu, kwa sababu tundu la VGA halitoi mawimbi ambayo tundu la njano linayaelewa. Mimi niliununua Makambako, nikarudi nao mpaka nyumbani, nikagundua usiku. Kinachotakiwa kwa laptopu ya leo ni kisanduku cha kugeuza HDMI kwenda AV, kile kidogo kinachokula umeme kwa waya wa USB. Pembeni kina swichi ndogo ya PAL na NTSC. Sukuma PAL. Na hakikisha maandishi yanasema HDMI ndiyo inaingia na AV ndiyo inatoka, maana vipo vya kinyume na sura ni moja.

Halafu kuna king'amuzi. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza Desemba 31, 2012, TV nyingi za chogo tundu lao la AV limekaliwa na king'amuzi. Angalia mbele au ubavuni, nyingi zina AV ya pili. Kama haina, nunua swichi ya AV ya kubonyeza. Usiunganishe king'amuzi na kompyuta kwa kiunganishi cha Y: picha mbili zinagombana, hupati hata moja. Ukiwa na AV mbili una bahati nyingine: kitufe cha AV kwenye remoti nacho ni njia ya kuficha kompyuta haraka. Ila sharti remoti ionekane, na mimi hadithi yangu mnaijua.

Usitarajie kusomea barua kwenye TV ya chogo. Mistari 576 haitoshi herufi ndogo, na mistari myembamba inamemeteka. Weka kioo 800 kwa 600, kuza maandishi. Kwa filamu na mpira haina neno.

SAUTI

Waya wa njano na S-Video havibebi sauti. Unahitaji waya wa pini ndogo ya hedifoni kwenda nyeupe na nyekundu, au peleka moja kwa moja kwenye sabufa. HDMI inabeba vyote, lakini bofya alama ya spika chini kulia uchague TV kama haijahamia yenyewe. Na angalia hili: ukizima picha ya TV iliyoungwa kwa HDMI, TV inatoweka hata kwenye orodha ya spika, na sauti inarudi kwenye spika za kompyuta kwa nguvu yoyote iliyoachwa nayo. Umeficha picha vizuri, halafu sauti inakuumbua. Kitufe cha kunyamazisha sauti kiwe cha kwanza, Ctrl, Alt na Z cha pili.

KWETU MAWENGI

Wa Ludewa wananielewa. Umeme ulitufikia kwa mtambo mdogo wa maji wa kilowati 300 uliojengwa kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la ACRA na kuendeshwa na jumuiya ya watumiaji wenyewe, LUMAMA, yaani Lupande, Madunda na Mawengi. Umeme ulipoingia tu, vibanda vya video vikafuata, na kompyuta zikaanza kuungwa na TV kila kona. Na ndipo niliposikia watu wanasema, "TV inapiga shoti nikishika waya."

Siyo uchawi. Chaja ya laptopu na TV ya chogo nyingi zina plagi za miguu miwili, hazina waya wa ardhini, na ekstensheni zetu ndiyo kabisa. Umeme kidogo unavuja kwenye chuma cha kila kifaa. Kwa mtu ni msisimko wa kuwasha vidole. Kwa tundu la HDMI linaweza kuwa kifo: unachomeka, cheche ndogo, na tundu haliamki tena. Langu liliondoka hivyo, na bodi nzima ilitakiwa kubadilishwa, nikaacha. Utaratibu wangu wa sasa ni huu: chaja nje, TV imechomolewa ukutani, chomeka waya wa picha, ndipo TV, ndipo chaja mwisho.

Masika, radi za milima yetu mnazijua. Radi ikipiga karibu na dishi inashuka kwa waya wa dishi mpaka kwenye king'amuzi, king'amuzi mpaka TV, na TV mpaka kompyuta kwa waya uleule wa picha. Windows na P haisaidii kitu hapo, kwa sababu kuzima picha siyo kukata waya. Mawingu yakianza kunguruma upande wa Ziwa Nyasa, chomoa dishi, chomoa plagi za ukutani, halafu waya wa picha, hata kama mpira uko dakika ya 89. Watakulalamikia. Mimi huwa nawarudishia nusu ya kiingilio.